Kipumulio cha Kava ya Tapeti: Fundi Anawajibu Wenye Magari wa Singida

Kwenye maduka ya spea kuna vichujio vidogo vya duara, vyekundu au vya bluu, viitwavyo vipumulio, ambavyo vijana huvichomeka juu ya kava ya tapeti baada ya kung'oa mpira wa kiwandani. Maswali haya ni ya wenye magari ya EFI wanaoishi mkoani Singida au wanaopita na njia zake.

Shikamoo fundi. Nina IST. Gereji wameniambia nikiweka kipumulio juu ya injini, gari litakuwa jepesi. Niweke?

Marahaba, mwanangu. Usiweke. Injini yako tayari inapumua, tena kwa mpango wa kiwandani. Mchanganyiko unapoungua ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka hadi kwenye sampu. Imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na asidi. Ikikaa humo hugeuza oili kuwa tope, na presha yake husukuma oili itoke kwenye sili na gasketi.

Ndiyo maana kava ya tapeti ina mipira miwili. Mmoja unatoka kwenye vali ya PCV kwenda kwenye manifodi, upande wa pili wa throto, ambako injini huvuta kwa nguvu ikiwa sailensi. Mwingine umeungwa kwenye bomba la hewa, kati ya eya klina na throto. Huu wa pili huleta hewa iliyokwisha kuchujwa, ikashuka ndani, ikakumba gesi chafu na kutoka nayo kwa njia ya PCV hadi kwenye silinda ikaungue. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tupu lililomwaga gesi hiyo barabarani, mpaka jimbo la California, lililokuwa likisumbuliwa na ukungu wa moshi pale Los Angeles, lilipotaka magari mapya kuanzia yale ya 1961 yairudishe ndani ya injini.

Wepesi unaoahidiwa haupo. Hewa inayopita kwenye kipumulio haiongezi chochote katika nguvu ya kuunguza petroli.

Ninapakia abiria kwa Noah kati ya Shelui na Singida mjini. Nikifungua eya klina naikuta ina oili. Si afadhali niukate mpira unaoileta?

Ndugu yangu, njia yako ina Mlima Sekenke, na mlima huo unaionyesha kazi ya mipira yote miwili.

Unapopandisha kutoka Shelui umejaza, throto imefunguka karibu yote. Manifodi imeacha kuvuta, na wakati huohuo gesi inayopenya ringi ndiyo nyingi kuliko saa nyingine yoyote. PCV haiwezi kuimeza yote. Inayobaki hurudi kinyume kupitia mpira wa pili hadi kwenye bomba la hewa, na inabeba mvuke wa oili. Unyevu mdogo ndani ya bomba ni kawaida kwa kazi unayofanya. Ukikuta matone au dimbwi, angalia kwanza kama oili haikuzidishwa, kisha vali ya PCV, ndipo uzifikirie ringi.

Unaposhuka mambo yanageuka. Umeachia mguu, throto imefunga, manifodi inavuta kwa nguvu zote. PCV nzima hujibana ipitishe kidogo tu. Iliyokwama wazi huruhusu oili ifyonzwe, na sili za vali zilizochoka hufanya vivyo hivyo. Ukifika tambarare na kukanyaga mafuta, moshi wa bluu unatoka nyuma. Mwombe kondakta atazame kioo cha nyuma hapo. Ataona jambo ambalo gari likisimama gereji halionekani.

Kuukata mpira hakuzuii oili. Kunaihamisha tu, ije kumwagika juu ya injini, na ikidondokea eksozi yenye moto inaweza kuwaka. Ile harufu nayo itavutwa na feni ya kabini, na abiria wako, watoto wakiwemo, watavuta mvuke wa petroli njia nzima.

Nimeshafunga kipumulio. Sailensi inapanda na kushuka, taa ya injini imewaka, kompyuta imetoa P0171. Uhusiano wake ni nini?

Uhusiano ni wa moja kwa moja. P0171 inasema hewa ni nyingi mno kwa petroli inayomwagwa. Kama gari lako lina sensa ya MAF, ambayo hukaa karibu na eya klina, kompyuta hupima pale kila hewa inayoingia ndipo iamue petroli ya kumwaga. Sasa PCV bado inavuta, ila inavuta kupitia kile kichujio kidogo, na hewa hiyo haikupita kwenye sensa. Kompyuta haikuihesabu. Inahangaika kuongeza petroli, ikifika mwisho wa uwezo wake inawasha taa.

Yapo magari yasiyo na MAF, kwa mfano Toyota nyingi zenye injini ya 5A-FE, ambayo hukadiria hewa kwa presha ya manifodi. Hayo huvumilia zaidi, na hapo ndipo watu husema "mbona langu halikusumbua." Halikusumbua upande wa petroli. Upande wa vumbi ni habari nyingine.

Mimi husafiri Itigi hadi Rungwa. Vumbi ni kweli linaingia kwenye kitu kidogo hivyo?

Linaingia, na hili ndilo linaloniuma zaidi kuhusu mtindo huu. Singida ni nchi ya miamba ya granaiti. Mtu yeyote aliyeingia mjini ameiona. Miamba hiyo ikimomonyoka huacha mchanga wa kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko chuma kilichotengeneza silinda yako. Ongeza kiangazi kirefu na upepo wa uwanda huu. Vumbi laini hukaa hewani muda mrefu baada ya lori kupita, nawe unaendesha ndani yake.

Mfumo wa kiwandani hauipi injini hewa yoyote isiyopita kwenye eya klina kubwa. Kipumulio kinavunja ulinzi huo mahali pawili. Kwanza, kwenye sailensi hewa ya nje hufyonzwa kupitia kichujio hicho na kushuka moja kwa moja kwenye oili, na oili hupeleka mchanga kwenye beringi za kranki. Kichujio chenyewe kimelowa mvuke wa oili, kwa hiyo kinakusanya vumbi hadi kinaziba, na presha inarudi kulekule kwenye sili. Pili, tundu lililobaki kwenye bomba la hewa mara nyingi huzibwa kwa kitambaa au utepe wa gundi. Nimeyaona matundu mengi ya aina hiyo yakiwa yamefunguka. Hapo vumbi ghafi linaingia kwenye silinda, linakula ringi, gesi inayopenya inaongezeka, na mwenye gari anaambiwa aongeze kipumulio cha pili.

Injini yangu inapumua sana, dipstiki inasukumwa juu. Hata mimi nisiweke?

Hata wewe. Toa kwanza PCV na uitikise. Isipogonga, imeganda, badilisha. Usiivute kwa mdomo, mvuke wake ni sumu. Kagua mipira yote, hasa sehemu za chini zinazopasuka bila kuonekana. Kisha washa injini, fungua kifuniko cha oili, weka karatasi laini juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, mfumo unafanya kazi. Ikirushwa juu wakati PCV ni nzima, pima kompresheni.

Singida mjini ni karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita, hivyo geji itasoma chini ya kitabu. Mtu asikushushie injini kwa sababu hiyo peke yake. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikiwa ringi zimekwisha, kipumulio hakitazirudisha.

Mbona magari ya rali yanavyo?

Kanuni za FIA zinataka gari la mashindano lenye kipumulio cha wazi liwe na chombo cha kukinga oili. Na injini ile hufunguliwa mara kwa mara. Ukitaka chombo cha kukinga kwenye gari la kawaida, chagua kilichofungwa pande zote, chenye sahani za kunasa oili ndani, kiunge katikati ya mpira wa pili, na umwage uchafu kila unapobadilisha oili.

Nataka kurudisha mfumo wa awali. Nianzie wapi?

Nunua mpira unaostahimili oili na joto. Wa maji hulainika na kujibana wenyewe. Weka PCV mpya ya injini hiyohiyo, si inayofanana kwa umbo. Rudisha mpira wa pili kwenye bomba la hewa, ufunge kwa klipu. Safisha throto na sensa ya MAF kwa dawa zake, badilisha eya klina, oili na filta yake kwa sababu ya mchanga ulioingia, kisha futa msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta. Endesha siku kadhaa, rudi kwenye kompyuta usome marekebisho ya petroli: yakikaa chini ya asilimia 10, kuongeza au kupunguza, mipira imekaa sawa. Yakizidi, bado kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni gasketi ya manifodi.