Zama za Jazi Huko Marekani, na Miaka Ile Ile Huko Kisii

Kijana mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu aliuliza: Je, ni kweli kwamba muziki wa jazi ndio ulioharibu tabia za Wamarekani baada ya Vita Vikuu vya kwanza? Swali hili lastahili jawabu, maana wako wengi watoao hukumu ya namna hiyo hata juu ya watoto wetu na ngoma zao. Twaomba ruhusa ya kumpeleka msomaji Marekani kwanza, kisha katika milima ya Kisii hapa Kenya, kwa kuwa katika miaka ile ile watu wa nchi mbili hizi, wasiojuana hata kwa jina, waligombana na watoto wao kwa jambo lililo karibu kuwa moja.

Miaka ya 1920 hadi 1929 ndiyo iitwayo huko zama za jazi. Muziki wenyewe ulizaliwa New Orleans miongoni mwa watu weusi, wajukuu wa watumwa, ukapanda kaskazini pamoja nao walipoyahama mashamba kwenda kutafuta kazi za viwandani. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri, aliingia Chicago mwaka 1922. Wasichana wakakata nywele, wakafupisha nguo, wakacheza dansi usiku pasipo mtu mzima wa kuwaangalia. Wazee wakalia, na makasisi wengi wakasema kuwa shina la ubaya ni hiyo jazi.

Walakini tazama yaliyokuwa nyuma ya ngoma. Hesabu ya watu ya mwaka 1920 ilionyesha kwa mara ya kwanza kuwa wakaao mijini wamewazidi wakaao mashambani. Mwaka huo huo wanawake walipata haki ya kura katika nchi nzima. Gari la Ford, lililouzwa dola 850 lilipoanza mwaka 1908, lilishuka hata chini ya dola 300 kufikia mwaka 1925. Msichana aliyefanya kazi ya ukarani alishika mshahara wake kwa mkono wake, na mvulana mwenye gari hakuwa tena na haja ya kuketi sebuleni mwa baba wa msichana, akichunga maneno huku mzee anasikiliza. Mambo haya yangalitokea hata kama tarumbeta zote zingalinyamaza.

Serikali yao nayo ilitaka kuzitengeneza tabia kwa sheria. Mnamo Januari 1920 ulevi ulipigwa marufuku. Sisi Waislamu tungalitarajia kufurahi. Lakini pombe iliuzwa kwa siri, majambazi wakatajirika, na Desemba 1933 marufuku ikaondolewa. Mwenye kujua jinsi ulevi ulivyoharamishwa Madina, kwa daraja baada ya daraja, hatastaajabu.

Sasa tuje Kisii. Nyamira, ambayo leo ni kaunti peke yake, siku zile ilikuwa pamoja na Kisii katika wilaya moja ya Kavirondo ya Kusini. Waingereza waliingia huko kwa bunduki mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala wao, Northcote. Mji wakaujenga mahali paitwapo Getembe, na wenyeji wakauita Bosongo, yaani kwa wazungu. (Ndugu zetu Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, wamekaa katika mji huo hata leo.) Kisha ikaja vita ya 1914, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi; ikaja kodi itakiwayo kwa fedha; zikaja misheni, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa; na kutoka miaka ya 1920 mashamba ya chai ya Kericho yakawaita wenye nguvu.

Kwa Wakisii ndoa hufungwa kwa ng'ombe. Hao ng'ombe huenda kwa baba wa binti, na kwa desturi ndio ambao ndugu wa kiume wa binti yule huolea mke wake. Hata kila dada ana ndugu yake aliyefungamana naye kwa mifugo hiyo. Desturi hii ina hekima yake. Lakini baba aweza kuwachukua ng'ombe wa binti akajiolea mke mwingine, na mwana akabaki mikono mitupu. Kijana huyo akienda Kericho, mshahara wake haumtoshi kununua kundi. Na ng'ombe watakwao walipozidi idadi, hasa katika miaka ya 1940, mabinti waliotakiwa waolewe na wazee wenye mali walitoroka usiku na vijana wasio na kitu.

Mababa wakashitaki mbele ya baraza la wenyeji liitwalo ritongo. Mwanachuoni wa tarikh, Brett Shadle, amezisoma hukumu za mabaraza hayo, akatoa kitabu mwaka 2006, na kesi za namna hii zilikuwa nyingi mno. Waliokaa kuhukumu walikuwa wazee, wenye mabinti na wenye ng'ombe. Kijana alitozwa faini au alifungwa, binti akarudishwa kwa baba yake. Wengine walitoroka tena.

Msomaji wa pwani atasema: hayo ni ya bara, na mahari yetu ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini na tuhesabu kwa insafu: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, karamu ya siku kadha wa kadha. Katika hayo ni lipi limfikialo mke? Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, katika gazeti lake la al-Islah alilolitoa Mombasa mwaka 1932, aliwaonya watu wake wasiwaige Wazungu kwa upofu, na sisi twalikariri onyo lake kila tuonapo nguo fupi. Orodha ya kilemba na mkaja haikutoka kwa Wazungu.

Kijana aliyetuuliza habari za jazi ana mchumba tangu mwaka juzi. Orodha aliyopewa na wazee wa upande wa pili amekuja nayo darasani, imekunjwa ndani ya kitabu chake, na nusu yake bado hajaikamilisha.