Kabla ya Kuuza Nyumba kwa Ajili ya MBA ya Harvard

Majuma machache yaliyopita, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja tunayeswali naye alinivuta pembeni. Kijana wake ni mhasibu, yuko kazini mwaka wa sita sasa. Ameomba nafasi ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake tatu, MBA, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na ameitwa kwenye usaili. Mzee ana nyumba Magomeni, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi na miwili. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, hicho chuo kina thamani ya nyumba yangu?"

Usiku ule sikumjibu. Nilimwomba muda, nami nimeona jibu lenyewe niliandike hapa, kwa sababu hayuko peke yake. Wako wazazi wengi ambao kijana akitaja jina la chuo kikubwa hawaulizi tena kinachofundishwa, wanauliza tu bei. Na wako vijana ambao hata bei hawaiulizi.

Tuanze na kitu chenyewe. Shule ya biashara ya Harvard ilianzishwa mwaka 1908, na ndiyo ya kwanza duniani kutoa shahada inayoitwa MBA. Masomo ni ya miaka miwili ya muda wote. Huwezi kusoma jioni baada ya kazi wala mwisho wa wiki. Unaacha kazi, unahamia Boston. Kila mwaka huingia wanafunzi zaidi ya 900, nao hugawanywa katika mikondo kumi ya watu wapatao 90 kila mmoja. Mwaka wa kwanza wote husoma masomo yale yale: fedha, masoko, hesabu za biashara, uendeshaji, uongozi. Mwaka wa pili kila mtu anachagua yake.

Linaloitofautisha shule hii si masomo hayo, kwani utayakuta karibu kila penye MBA. Ni namna yanavyofundishwa. Tangu miaka ya 1920, chini ya mkuu wake Wallace Donham, ambaye mwenyewe alisomea sheria hapo hapo Harvard, shule iliiga desturi ya wanasheria ya kufundisha kwa visa. Mwanafunzi hapewi muhtasari wa kunakili. Anapewa kisa cha kampuni fulani, kurasa kumi, ishirini au zaidi pamoja na majedwali ya hesabu, kinachoishia pale ambapo mkuu wa kampuni anatakiwa kuamua: afunge kiwanda au akope? Ashushe bei au ajitoe sokoni? Usiku unasoma. Asubuhi mnakutana kikundi kidogo mnabishana. Kisha mnaingia darasani, viti vimepangwa kwa ngazi mfano wa kiatu cha farasi ili kila mmoja amwone mwenzake, na mwalimu anamnyooshea kidole mtu mmoja bila taarifa: wewe ungefanyaje, na kwa nini?

Kuanzia hapo mwalimu huzungumza kidogo sana. Wanaozungumza ni wale tisini. Mmoja alifanya kazi benki, mwingine alikuwa mwanajeshi, mwingine anatoka katika biashara ya familia huko India. Dakika themanini zikiisha, mara nyingi hakuna jibu lililoandikwa ubaoni kuwa ndilo sahihi. Kesho kisa kingine. Kwa miaka miwili mwanafunzi hupitia visa vipatavyo 500.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi, kwa sababu ndipo thamani ilipo na ndipo hatari ilipo vilevile. Katika masomo mengi pale, karibu nusu ya alama inatokana na unachosema darasani. Na alama hugawanywa kwa kulinganishwa na wenzako: asilimia kama 10 ya darasa lazima ichukue daraja la chini, hata kama wote wamefanya vizuri. Sasa mfikirie kijana wetu aliyelelewa katika shule ambazo mwanafunzi mwema ni yule anayenyamaza, anayeandika anachoambiwa na kukirudisha siku ya mtihani. Kiingereza anakijua, hesabu anazijua, lakini hajawahi kumkatiza mtu kwa adabu na kusema "mimi naona umekosea." Huyo ataumia muhula wa kwanza. Asipojua mapema kwamba kunyamaza kule kunamgharimu, ataumia na wa pili. Mwenye nia ya kwenda aanze leo, hata katika vikao vya msikiti au vya ofisini kwake, kujizoeza kusema jambo moja lenye hoja.

Tuje kwenye fedha. Kwa mwaka wa masomo 2024/2025 ada peke yake ilizidi dola 76,000. Ukiongeza chumba, chakula, bima ya afya na mengineyo, makadirio ya shule kwa mtu asiye na mke wala watoto yanavuka dola 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni zaidi ya dola 220,000. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 550. Na kuna gharama ambayo haimo katika karatasi ya chuo: mshahara utakaouacha. Anayepata milioni 2 kwa mwezi anaacha milioni 48 kwa miaka hiyo miwili. Wengi huisahau kwa sababu hakuna anayekuja kuidai.

Hata hivyo, bei iliyoandikwa siyo lazima iwe bei utakayolipa. Harvard haitoi msaada wa ada kwa kuangalia nani amefaulu zaidi, inaangalia uhitaji. Hupima kipato na mali ya mwombaji, na karibu nusu ya wanafunzi hupata kitu. Mwaka 2022 shule ilitangaza kwamba wenye uhitaji mkubwa kabisa, wapatao asilimia 10 ya wanafunzi, watafutiwa ada yote. Mhasibu wa Dar es Salaam anayelipwa kwa shilingi hana sababu ya kudhani kwamba yeye hayumo katika kundi hilo. Lakini ajue kwamba ada ikifutwa yote, bado anatakiwa kula na kulala Boston miaka miwili, na hilo peke yake ni makumi ya maelfu ya dola.

Pengo hilo ndilo linalozibwa kwa mkopo, na hapa naomba msomaji tusikilizane vizuri. Asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani hana fungu katika mikopo ya wanafunzi ya serikali ya huko. Anabaki na mikopo ya mashirika ya fedha, ambayo ni ya riba. Hukumu ya riba sina haja ya kuirejea mbele ya wasomaji wa safu hii. Mwenye dharura yake akawaulize masheikh, asijitolee fatwa mwenyewe. Mimi nazungumzia hesabu. Tuchukue mfano: mtu amekopa dola 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, alipe kwa miaka kumi. Kila mwezi atatoa dola zipatazo 1,320, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya dola 158,000. Dola 1,320 ni kama shilingi milioni 3.3. Ni kazi ngapi hapa nchini zinazomwezesha mtu kutoa kiasi hicho kila mwezi, kisha akabakiwa na cha kuwalisha watoto?

Kwa hiyo mkopo ule hauchukui fedha tu. Unamchagulia mtu kazi. Kijana anaondoka akisema atarudi kuanzisha kiwanda cha kusindika maembe au kuimarisha mfuko wa wakfu wa mji wake, na anasema kweli. Anahitimu, deni linamwambia abaki New York. Ukiangalia wanakokwenda wahitimu wa Harvard, zaidi ya nusu huingia katika makampuni ya fedha na ya ushauri wa biashara, na mojawapo ya sababu ni kwamba hao ndio wanaolipa mshahara unaoweza kubeba deni la namna hiyo. Kwa Muislamu, sehemu kubwa ya kazi hizo za fedha ina maswali yake yenyewe. Anaweza kujikuta amekopa kwa riba ili asome, kisha anafanya kazi ya riba ili alipe.

Wenye kuipigia debe shahada hii watakutolea takwimu za mishahara. Ni kweli kwamba mshahara wa kati wa kuanzia wa wahitimu wa mwaka 2024, bila marupurupu, ulikuwa dola 175,000 kwa mwaka. Lakini uliza nani amehesabiwa. Wanahesabiwa waliopata kazi na wakatoa taarifa. Kati ya wahitimu wa mwaka huo huo waliokuwa wakitafuta kazi, asilimia 23 walikuwa hawajaipata miezi mitatu baada ya kumaliza. Kwa wahitimu wa mwaka 2022 ilikuwa asilimia 10. Na mgeni ana mtihani wa ziada: viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi mwaka mmoja baada ya kuhitimu, kwa baadhi ya fani za sayansi na hesabu hadi miaka mitatu, kisha anahitaji mwajiri wa kumwombea viza ya kazi, ambazo zina kikomo kila mwaka. Mwezi Mei 2025 serikali ya Marekani ilijaribu hata kuizuia Harvard kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikaisimamisha hatua hiyo. Anayeweka nyumba ya baba yake katika jambo hili aliweke na hilo kwenye mizani.

Na zile orodha za magazeti, chuo fulani cha kwanza, fulani cha tano? Katika orodha ya Financial Times Harvard ilikuwa ya kwanza mwaka 2020, na mwaka 2024 ikawa ya 11. Walimu hawakusahau kufundisha katika miaka minne. Orodha ile hutoa karibu theluthi ya alama zake kwa mishahara ya wahitimu na ongezeko lake. Anayetaka kurudi Tanga kuendesha biashara ya familia, orodha hiyo haikuandikwa kwa ajili yake.

Sasa nani anahitaji miaka miwili ya muda wote? Kwa maoni yangu ni yule anayetaka kuhama fani kabisa. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna likizo ndefu ambayo mwanafunzi huitumia kufanya kazi ya majaribio katika kampuni asiyoijua, na wengi hupata ajira kwa njia hiyo. Anayerudi kwa mwajiri wake yule yule, katika kazi ile ile akiwa na cheo cha juu zaidi, hana matumizi makubwa na likizo hiyo. INSEAD ya Ufaransa hutoa MBA kwa miezi kumi. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina MBA ya jioni, ambayo mtu huisoma akiwa anapokea mshahara wake. Jina si sawa, silifichi hilo, na mtandao wa watu utakaowajua si sawa. Ila ajuaye anachokitafuta aweza kukuta nusu ya alichokitafuta kiko barabara ya Sam Nujoma.

Nilimrudia mzee Ijumaa iliyofuata. Nilimwambia kijana aende kwenye usaili bila hofu, na akikubaliwa zitakuja barua mbili: moja ya kumpongeza, nyingine ya kumweleza msaada wa ada aliopewa. Ya kwanza isimfanye mzee aitoe hati ya nyumba sandukuni. Ya pili ikifika wakae wote wawili na kalamu, watoe msaada katika gharama, na waone pengo lililobaki linazibwa na nini. Na kabla ya kuandika tarakimu yoyote, kijana amwambie baba yake ni kazi gani atakayokuwa akiifanya miaka mitatu baada ya kuhitimu, katika mji gani.

Mzee aliuliza kama anaweza kumuuliza hilo la mwisho usiku ule ule, kabla barua hazijaja. Nilimwambia amuulize.