Kimo cha Jengo Hupimwa Kuanzia Wapi?

Mkaazi akisema anajenga "ghorofa nne", huenda fundi wake na afisa wa mipango wakaelewa mambo mawili tofauti. Wengine huhesabu sakafu ya chini, wengine huanzia ile ya juu yake. Kwenye michoro, wasanifu huandika G+4, yaani sakafu ya chini na nyingine 4 juu yake, jumla 5. Aliyepewa kibali cha sakafu 4 akasimamisha G+4 amezidisha sakafu nzima, hata kama mkopo wa sacco umeishia kwenye slabu hiyo ya mwisho.

Tena sakafu hazilingani. Ya makaazi huwa na takriban mita 3, ya duka au godauni huenda juu zaidi. Kwa hivyo kanuni za kanda hutaja sakafu, au mita, au zote mbili. Zikitaja mita, swali la kwanza ni mahali pa kuanzia kupima.

Chukua mfano wa ploti inayoteremka mita 3 kutoka barabarani hadi nyuma. Jengo likipimwa upande wa barabara lina mita 12. Likipimwa nyuma lina mita 15. Ukichukua wastani wa pande hizo mbili, ni mita 13.5. Ikiwa kikomo cha kanda ni mita 13, jengo hilo limepita kwa kipimo kimoja na kuanguka kwa viwili, na hakuna tofali lililoongezwa wala kupunguzwa.

Kuna wanaojaribu kujaza udongo upande wa nyuma ili jengo lionekane fupi. Kanuni nyingi zimeziba mwanya huo kwa kupima kutoka ardhi ya asili, jinsi ilivyokuwa kabla ya kuchimbwa au kujazwa. Mpima ardhi anafaa kuchukua vipimo vya miinuko kabla ya tingatinga kuingia, maana baadaye ushahidi huwa umezikwa. Kwenye mteremko, hata sakafu iliyochorwa kuwa ya chini ya ardhi inaweza kuhesabiwa kama sakafu kamili ikiwa nyuma inatokeza wazi, ina milango na madirisha.

Juu nako kuna maswali. Paa la mteremko hupimwa hadi kileleni au hadi katikati ya mwinuko wake, kulingana na kanuni. Matangi ya maji, chumba cha mashine ya lifti na antena mara nyingi havihesabiwi. Lakini banda la kuanikia nguo likizungushiwa ukuta na kupangishwa, hiyo ni sakafu nyingine. Ujanja huu umezoeleka mno mijini.

Karibu na uwanja wa ndege, msamaha huo wa matangi na antena haupo. Rubani hajali kama alichokigonga ni chumba au mlingoti. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) huangalia ncha ya juu kabisa, pamoja na kreni ya ujenzi, tena kwa kipimo cha juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa JKIA uko takriban mita 1,624. Kanuni za kimataifa huweka mpaka wa mita 45 juu ya uwanja mkubwa kwa eneo linaouzunguka, hivyo mpaka uko kama mita 1,669. Kwa hesabu hiyo, ploti iliyo kwenye mita 1,640 inabaki na mita 29 pekee. Karibu na njia ya kutua, nafasi hupungua zaidi.

Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inataka kibali kabla ya ujenzi kuanza. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Anayekiuka masharti ya kibali anaweza kupewa notisi ya utekelezaji. Asiyeridhika na notisi hiyo ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia mizozo ya mipango.

Kabla ya kumlipa msanifu, mwenye ploti aulize ofisi ya mipango mambo matatu, na majibu yaandikwe kwenye mchoro: kikomo ni sakafu ngapi au mita ngapi, kipimo kinaanzia ardhi gani, na kinaishia sehemu gani ya paa.