Je, Yafaa Kupoza Kompyuta ya Nyumbani kwa Maji?

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliniletea swali lililonifanya niandike makala haya. Kompyuta yake ya nyumbani, ambayo huitumia kuandikia maksi za wanafunzi wa kidato cha nne, ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe kila ifikapo saa nane mchana. Mara mbili alipoteza kazi ya siku nzima. Fundi alimshauri anunue mtambo wa kupozea kwa maji, na bei ya mtambo huo ilikaribia mshahara wake wa mwezi. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, ninunue au nisinunue?"

Swali hili halijibiwi kwa kubahatisha, wala kwa kusikiliza sifa za muuzaji. Ni swali la fizikia, na fizikia inayohitajika haizidi ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Hebu tulichunguze hatua kwa hatua, kisha turudi kwa mwalimu wetu.

Joto la kompyuta latoka wapi?

Kiini cha kompyuta ni prosesa, yaani kipande kidogo cha silikoni chenye transista kwa mabilioni. Kila transista inapofunguka na kufunga, chaji ndogo ya umeme hujazwa na kumwagwa, na nishati yake hugeuka kuwa joto. Kompyuta hainyanyui mzigo wala haisukumi gari. Kwa hiyo karibu nishati yote ya umeme inayoingia ndani yake huishia kuwa joto. Prosesa inayotumia wati 65 hutoa jouli 65 za joto kila sekunde.

Kompyuta ya kwanza ya binafsi ya kampuni ya IBM, iliyotoka mwaka 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088. Prosesa hiyo ilitumia wati chache tu, na haikuhitaji chombo chochote cha kuipoza. Mwaka 2022 ilitoka prosesa ya Intel Core i9-13900K, ambayo matumizi yake ya kawaida ni wati 125, nayo huweza kupanda hadi wati 253 inapofanya kazi nzito. Joto lote hilo hutoka katika eneo dogo kuliko stempu ya posta.

Joto hilo lisipoondolewa, halijoto ya prosesa hupanda. Prosesa nyingi za leo zimewekewa mpaka ulio karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Zinapoukaribia, hupunguza kasi zenyewe. Halijoto ikizidi, kompyuta huzimika. Kuzimika huko ni kinga, na ni dalili kwamba njia ya joto imeziba mahali fulani.

Njia ya hewa na njia ya maji

Kama tujuavyo, joto husafiri kwa mpitisho, kwa myuko na kwa mnururisho. Katika kompyuta ya kawaida, joto hutoka katika prosesa kwa mpitisho, hupenya utando mwembamba wa mafuta mazito, na kuingia katika bamba la shaba au alumini lenye mapezi mengi. Feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo na kulichukua joto.

Katika kompyuta inayopozwa kwa maji, juu ya prosesa hukaa kisanduku kidogo cha shaba. Pampu husukuma maji ndani ya kisanduku hicho, maji hupokea joto, hupita katika mirija na kufika kwenye rejeta. Huko feni hupuliza hewa, maji hupoa, kisha hurudi kwenye prosesa.

Atazamaye injini za pikipiki na za lori ameziona njia hizi mbili. Injini ya pikipiki nyingi ina mapezi na hupozwa kwa upepo. Injini ya lori ina rejeta na maji. Lakini na tuangalie vizuri: katika zote mbili, joto huishia hewani. Maji ya rejeta ni mchukuzi tu.

Ni mchukuzi hodari, hilo halina ubishi. Kupandisha halijoto ya lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200 hivi. Lita moja ya hewa huhitaji jouli 1.2 tu. Kwa hiyo, kwa ujazo ulio sawa, maji hubeba joto mara 3,500 zaidi ya hewa. Tuchukue prosesa ya wati 100. Maji yakipita kwa kiasi cha lita moja kwa dakika, yatapanda kwa nyuzi 1.4 tu. Ikiwa tunataka kuondoa joto hilohilo kwa hewa inayopanda kwa nyuzi 10, tutahitaji lita 8 za hewa na zaidi kila sekunde.

Hata hivyo, tuondoe rejeta na kubakiza lita moja ya maji inayozunguka bila pa kutua mzigo wake. Maji hayo yatapanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 60 kwa dakika 21 tu. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi; huhamishwa.

Kosa la mtungi

Wanafunzi wengi, na hata watu wazima, hudhani kwamba maji ni baridi kwa asili yake. Dhana hiyo hutokana na mtungi. Maji ya mtungini huwa baridi kuliko hewa ya nyumbani kwa sababu sehemu yake hupenya udongo na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto jingi: zaidi ya jouli milioni 2.4 kwa kila kilo ya maji. Ndiyo maana mtungi hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma, ambako hewa ni kavu, kuliko Dar es Salaam, ambako hewa tayari imejaa unyevu.

Maji ya kompyuta yamefungwa ndani ya mirija. Hayageuki mvuke. Kwa hiyo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kikiwa na nyuzi 33, maji hayatashuka chini ya nyuzi 33 hata rejeta iwe kubwa namna gani.

Wapo wanaofikiria kutia barafu. Wajihadhari. Katika hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, umande huanza kujikusanya juu ya kitu chochote chenye halijoto ya nyuzi 26 au chini ya hapo. Matone hayo yakiangukia bodi ya umeme, kompyuta itaharibika kwa maji yaliyotoka hewani.

Kanuni ya kuamulia

Hali yote tuliyoieleza yaweza kuandikwa kwa mlinganyo mmoja:

H = h + (W × U)

H ni halijoto ya prosesa. Herufi ndogo h ni halijoto ya hewa inayokizunguka chombo cha kupozea. W ni wati za prosesa. Na U ni ukinzani wa njia ya joto, unaopimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Mlinganyo huu unafanana na ule wa Ohm: tofauti ya halijoto ni kama volteji, na wati ni kama mkondo.

Tuseme feni ya kawaida ina U ya 0.5, na mtambo wa maji una U ya 0.25. Katika chumba cha nyuzi 32, prosesa ya wati 65 itafika nyuzi 64.5 kwa feni, na nyuzi 48 hivi kwa maji. Zote mbili ziko mbali na mpaka. Mwenye kompyuta hataona tofauti yoyote katika kazi yake. Lakini prosesa ya wati 253 kwa feni hiyohiyo ingehitaji kufika nyuzi 158, jambo lisilowezekana. Itapunguza kasi mapema. Kwa maji itafika nyuzi 95, nayo itaweza kuendelea, ingawa kwa shida. Hapa maji, au bamba kubwa zaidi la mapezi, yana maana.

Kumbukeni pia herufi h. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, maabara yetu ilikuwa na nyuzi 20 mwaka mzima. Sifa nyingi za mitambo hii hupimwa katika vyumba vya namna hiyo. Anayezisoma akiwa Tanga au Mombasa hana budi kuongeza nyuzi 12 au zaidi kabla ya kuziamini.

Maji yana gharama yake

Si aibu kutumia maji. Kompyuta kubwa ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji, na Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima katika kimiminika kisichopitisha umeme. Lakini mitambo hiyo ilikuwa na mafundi wa kuiangalia. Nyumbani, pampu ikifa, maji husimama na prosesa hupata moto kwa dakika chache. Mirija huvuja. Maji hupungua polepole hata katika mitambo iliyofungwa kiwandani.

Mimi mwenyewe niliwahi kujiundia mtambo wa maji. Nilichukua kisanduku cha shaba na rejeta ya alumini, nikasahau somo ninalolifundisha: metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvi kidogo ni seli ya umeme. Baada ya muda alumini ilianza kulika, na maji yakawa na tope jeupe.

Jibu la mwalimu wetu

Kabla ya kumjibu, nilimwomba apime kwa kipimajoto cha maabara. Kompyuta yake ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Saa nane mchana, hewa ya kabatini ilikuwa nyuzi 47, na prosesa yake ya wati 65 ilikuwa nyuzi 98. Kwa mlinganyo wetu, U yake ilikuwa karibu 0.8. Alipofungua kompyuta alikuta vumbi limeshikana kati ya mapezi kama sufi ya mto. Alilisafisha kwa brashi, akapaka upya mafuta ya kupitisha joto, na kuiweka kompyuta juu ya meza, mbali na ukuta. Hewa ya chumbani ilikuwa nyuzi 33, na prosesa ikashuka hadi nyuzi 65. Haijazimika tena.

Sasa tufanye hesabu ya mwisho. Angenunua mtambo wa maji wenye U ya 0.3 na kuiacha kompyuta kabatini, angepata 47 + (65 × 0.3), yaani nyuzi 66.5. Mshahara wa mwezi mzima ungemnunulia kile alichokipata kwa brashi na meza.

Kwa hiyo: kwanza punguza h kwa kuipatia kompyuta hewa, pili punguza U kwa usafi, tatu jua W ya prosesa yako. Ikiwa baada ya hayo matatu H bado inaukaribia mpaka, hapo ndipo ufikirie maji.

Maswali na jaribio

1. Prosesa ya wati 125 inapozwa kwa feni yenye U ya 0.4. Tafuta H katika chumba cha nyuzi 28, kisha katika kabati la nyuzi 45. Unaamua nini?

2. Maji yanapita kwa nusu lita kwa dakika na kupokea wati 200. Yatapanda kwa nyuzi ngapi?

3. Jaza makopo mawili maji ya nyuzi 60. Funika yote mawili. Moja lizungushie kitambaa kilicholoweshwa na kukilowesha tena kinapokauka. Yapulizie kwa feni na uandike halijoto kila baada ya dakika tano, mpaka isibadilike. Ni kopo lipi litashuka chini ya halijoto ya chumba, na ni lipi linafanana na kompyuta? Eleza kwa nini.