Mafunzo Manne Niliyopata Kwenye Mitishamba ya Arusha

Nimekulia chini ya Mlima Meru, na kazi ya kuwakusanyia watafiti mimea ya dawa imenifunza haya:

1. Utafiti huanza na mmea wenyewe. Soko la Kilombero, akina mama wa Kimaasai hupanga chini mizizi na magome, na kila fungu wanajua kazi yake. Lakini gome likishasagwa, hata bingwa wa mimea hawezi kulitambua kwa macho. Ndiyo maana tunakata tawi lenye ua au tunda, tunalibana katikati ya magazeti likauke, tunaandika mahali na tarehe, kisha tunalilinganisha na sampuli za taifa zilizohifadhiwa Ngaramtoni.

2. Dawa ni kipimo. Atemisia, iliyowahi kulimwa na wakulima wetu wa kaskazini, hutoa kiini cha dawa mseto ya malaria. Mtafiti Tu Youyou wa China alikipata miaka ya 1970 alipoacha kuchemsha majani na badala yake kutumia etha, kwani moto ulikiharibu. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Majani hayohayo yakichemshwa jikoni hayana kipimo cha uhakika, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kutibu malaria.

3. Kutodhuru si kuponya. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wataalamu waliuchunguza mti wake, mugariga, kuona kama una sumu. Hilo ni swali moja. Kama unatibu UKIMWI au kisukari ni swali jingine, na jibu lake hupatikana kwa kuwapima wagonjwa kabla na baada, na kuwalinganisha na wasiokunywa.

4. Mti ukiisha, dawa imeisha. Gome la osokonoi, dawa ya kikohozi, likichunwa kuzunguka shina zima, mti hufa. Mti wa *Prunus africana*, ambao gome lake husafirishwa Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume, biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 1995. Anayechuna na apande.

Ndugu msomaji, unapokwenda hospitali mtajie daktari mitishamba unayotumia, na usiache dawa ulizoandikiwa kabla hajakupima. Maarifa ya wazee wetu yanastahili kupimwa, kwa sababu yana thamani.