Konokono wa Okidi: Mafunzo Niliyopata Kibarazani

1. Adui ni yule mdogo. Lile jikonokono la Afrika Mashariki linaonekana. Ukitoka usiku na tochi unaliokota, limekwisha. Anayeimaliza okidi ni Zonitoides arboreus, bapa, rangi ya kahawia, upana wa milimita 6 hivi. Asili yake Amerika ya Kaskazini, ila amezunguka dunia akisafiri ndani ya vyungu vya maua. Hujificha kati ya vipande vya magome na kutafuna ncha za mizizi, zile changa za kijani. Mmea unadumaa, majani yananyauka, nawe ukidhani ni kiu unazidisha maji. Unyevu huo ndio karamu yake.

2. Okidi mpya naitenga na nyingine kwanza, isije ikaziletea konokono. Konokono wengi wa nchi kavu ni huntha, kwa hiyo wawili wowote wakikutana, wote wanaweza kutaga.

3. Magharibi weka kipande cha tango au kiazi kibichi juu ya magome, kifunue kabla jua halijachomoza. Utakaowakuta chini yake watakuonyesha hali ya chungu. Kisha nawa mikono vizuri, maana konokono huweza kubeba minyoo ya panya inayodhuru ubongo wa binadamu.

4. Kuzamisha chungu ndani ya ndoo ya maji mpaka ukingoni huwalazimisha kupanda juu, ukawaokota. Mayai hubaki, basi rudia baada ya wiki chache. Chumvi usiiguse kabisa: itaua mizizi pia.

5. Kahawa ina ukweli wake, lakini si ile ya kikombeni. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walieleza katika jarida la Nature kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huua konokono na koa. Kahawa ya kunywa ya kawaida haifikii hata asilimia 0.1. Machicha yake juu ya chungu, kwa maoni yangu, yanaziba hewa tu.

6. Penye mbwa, paka au watoto, chembe za metaldehaidi hazifai. Ni sumu kwao pia. Natumia za fosfeti ya chuma. Konokono akizila huacha kula, akafa baada ya siku kadhaa. Usitarajie kuona mizoga, wengi hufia mafichoni.

7. Yote hayo ni kupunguza idadi tu magome yakiwa yameoza. Mizizi mipya ikianza kuchomoza, ng'oa mmea, mwaga kila kitu, osha mizizi, kata iliyokufa, upande upya kwenye vipande vikubwa vya mkaa na makumbi yaliyolowekwa mpaka chumvi itoke. Chungu kisikae sakafuni, kitundike kwa waya. Ansellia africana, okidi yetu ya asili, nimeifunga kwenye ubao bila chungu, mizizi ikipigwa upepo, na kazi yangu kwake ni kuimwagia maji asubuhi tu.