Bundi Akilia Paani: Kusoma Ishara ya Mkosi Bila Kumponza Jirani

Mavuno yakishaingia ndani, bundi husikika sana vijijini Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania. Usiku analia juu ya paa, asubuhi maneno yanaanza: safari hii ataondoka nani? Mtoto akishikwa na homa wiki hiyohiyo, bundi anabebeshwa lawama, kisha anatafutwa aliyemtuma. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Kuamini ishara au kutoziamini ni hiari ya mtu, na makala haya hayamvui yeyote imani yake. Yanasisitiza jambo moja tu. Ishara mbaya ikufanye uulize "nifanye nini?", isikufanye uulize "nani kanitupia?"

Hata Wachina, wenye mila ndefu ya kupiga bao, husoma hivyo. Kitabu chao cha kale, Yijing, kina michoro 64, kila mmoja wa mistari sita. Muulizaji hurusha sarafu tatu mara sita, kisha hutazama mchoro uliotokea. Ipo ya nuksi waziwazi: wa 23 ni wa mambo kubanduka na kuporomoka, na wa 29 ni maji juu ya maji, yaani hatari juu ya hatari. Anayeangukiwa na wa 23 huambiwa atulie, asianze safari wala shughuli mpya. Ushauri wote unamhusu yeye na mwenendo wake, jirani hatajwi.

Anza na chanzo kilicho karibu

*Bundi.* Anafuata panya, na panya wanafuata mahindi na maharage yako. Mlio wake ni wa kuitana na mwenzake au wa kulinda eneo lake. Akirudi paani kila usiku, kagua ghala. Liinue juu ya nguzo, kila nguzo uifunge mkanda wa bati laini kiasi cha mita moja kutoka ardhini ili panya ateleze, kata matawi yanayogusa paa, na usiache magunzi na pumba chini. Usimuue bundi. Anakamata panya usiku kucha bila kukudai chochote, tena sumu unayowawekea panya inaweza kumuua naye akiwala.

*Degedege.* Katika sehemu nyingi za nchi husemwa kwamba mtoto hukakamaa na kupindua macho kwa sababu ya ndege aliyepita usiku. Mara nyingi chanzo ni homa kali, na katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma, malaria ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mlaze mtoto ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, usimfukizie moshi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ameshatulia. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu ndani ya nusu saa, na malaria kali inaweza kuua mtoto ndani ya siku moja. Ukianzia kwa mpiga ramli, siku hiyo inaishia njiani.

*Ndoto mbaya na jicho kucheza.* Jicho hucheza zaidi kwa uchovu na kukosa usingizi. Ndoto za kutisha huja na homa, msiba au mawazo. Kama moyo haujatulia, sali, ongea na mtu unayemwamini, ahirisha safari ukitaka. Hayo hayamdhuru mtu.

Mtabiri akisema "kuna mtu"

Kupiga ramli kwa namna ya kuchonganisha watu kuna njia zake, na ukizijua utazitambua mapema. Mpiga ramli huanza na maneno mapana: "Ninamwona mama mtu mzima, si wa mbali, macho yake mekundu." Kisha anakutazama usoni. Ukishtuka, amepata pa kushika. Ukitaja jina, kazi yake imekwisha. Kumbuka kwamba kila kijiji kina mama mtu mzima, na macho mekundu ni kawaida kwa aliyepika kwa kuni miaka 40 kwenye jiko lisilo na dirisha.

Wapo pia wanaoitwa kamchape, ambao Kigoma si wageni. Huingia kijijini kwa kundi, hupita nyumba kwa nyumba wakidai kutoa uchawi, na huchangisha fedha. Jina hilo linatokana na Mchape, vuguvugu la kusaka wachawi lililoenea kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, miaka ya 1930. Pembe "iliyofukuliwa" uani kwako haithibitishi lolote, kwa kuwa aliyeifukua angeweza kuja nayo.

Gharama ya mchezo huu Kasulu inaijua. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Polisi waliwakamata watu 23, mganga wa kienyeji akiwemo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchi nzima kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Wakati huo watoto wenye ualbino walikuwa wamehifadhiwa Kabanga, hapohapo Kasulu, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa salama.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928. Kujidai una nguvu za uchawi ni kosa, na kumtangaza mwenzako kuwa mchawi nako ni kosa. Tiba asili ni halali chini ya Sheria Na. 23 ya 2002, ila mganga anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize cheti chake, kisha kithibitishe kwa mratibu wa tiba asili katika halmashauri yako. Cheti ni cha kutibu. Hakimpi ruhusa ya kutaja wachawi.

Ukituhumiwa wewe au mzazi wako

1. Usikubali "kupimwa", kunywa dawa wala kulipa ili usafishwe. Ukilipa, watasema umekiri.
2. Kukiwa na vitisho, ondokeni kwanza, hasa kabla ya giza. Mali itafuatiliwa baadaye.
3. Piga 112, au mwone polisi kata na mtendaji wa kijiji. Mkiwa wawili au watatu mtasikilizwa haraka zaidi.
4. Andika majina ya waliotamka tuhuma, mahali na tarehe. Tunza ujumbe wa simu.
5. Dai msaada wa kisheria. Tangu sheria ya 2017, asiye na uwezo husaidiwa bure. Bibi au mtoto anaweza pia kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kwa wenyeviti na wazee wa kijiji

Mtu akija kuomba kibali cha "kusafisha kijiji", mkatalie na mtoe taarifa siku hiyohiyo. Msiitishe mkutano wa hadhara kujadili nani ni mchawi, wala msipige kura za siri za kutaja majina. Mkisikia mama fulani anaanza kusemwa kisimani au kilabuni, nendeni kwake mchana, tena mwonekane mkiingia, kisha mkawaonye wanaomsema. Tuhuma huzimika kirahisi ikiwa bado ni uvumi wa watu watatu. Ikishafika umati wenye petroli, mwenyekiti hana la kufanya.